Wimbi la Guka

Juzi jioni binti yangu alinifuata jikoni na swali la Kiswahili. Nilikuwa nakatakata sukuma wiki, naye akasimama mlangoni akiuma kalamu. "Mama, hapa wanataka tueleze maana ya wimbi, halafu tulitumie kwenye sentensi." Nikacheka mpaka nikaweka kisu chini. Alinikunjia uso akidhani nimemcheka yeye, ikabidi nimshike bega nimwambie hapana, nimemkumbuka Cucu, mama yake baba yangu, na jinsi neno hilo lilivyoishi nyumbani kwetu.

Kwetu Kianjokoma, nilipokuwa mdogo, wimbi lilikuwa na maana moja tu: uongo. Tena si uongo wa kitoto. Ni ule uongo mkubwa wa mtu mzima, unaosemwa bila kupepesa macho. Baba akichelewa kurudi kutoka kwenye mnada wa mbuzi na kudai mvua ilimzuia, wakati vumbi la barabarani limempaka hadi kope, Cucu alimtazama kutoka kwenye kigoda chake na kusema, "Hilo ni wimbi." Nami nikidai paka ndiye aliyekunywa maziwa, huku mdomo wangu una ukungu mweupe, "Wawira, usiniletee wimbi." Cucu alizungumza Kiembu tangu macheo hadi machweo, na Kiswahili chake kingejaa kiganjani, lakini neno hilo alilitamka kwa Kiswahili, na alilitamka akilikaza kama anayefunga mzigo wa kuni.

Sikujua kwamba nyumba nyingine hazisemi hivyo. Nilijua tu kwamba neno lilitoka kwa Guka, babu yangu, na kisa chenyewe nilikisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukisimulia nikiwa usingizini.

Guka akiwa kijana alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Mombasa. Alipokaribia kurudi nyumbani kwa likizo alimnunulia Cucu, ambaye alikuwa bibi harusi wa juzijuzi tu, raba nyeupe. Mkumbuke mambo ya nyakati zile: mwanamke wa ridge yetu, mgongo wetu wa kilima, kuvaa raba nyeupe lilikuwa jambo la kusimamisha ibada. Alimtumia salamu kwamba raba zinakuja. Siku ilipofika, Cucu akajipaka mafuta, akaenda kungoja njia panda pamoja na wenzake ambao waume zao walikuwa wanarudi pamoja na Guka. Wote wakashuka garini. Guka hakushuka. Akaja kesho yake, jua likiwa limesimama, mikono mitupu. Alipoulizwa raba ziko wapi, akasema alikwenda kuiaga bahari, akaingia majini kidogo tu aoshe miguu, raba amezishika mkononi, wimbi likaja likamwangusha na kuzichukua. Na siku nzima iliyopotea? Alikuwa amesimama pale ufuoni, akingoja maji yazirudishe. Treni ikamwacha.

Cucu alicheka kicheko kisichoonyesha meno. Guka alikuwa mtu wa miraba minne, aliyekuwa akibeba gunia la kahawa kila bega. Maji yamwangushe? Kwetu maji ni Rupingazi, mto unaotoka mlimani kwa kelele, nao ukiwa haujafurika, mtoto anauvuka akiimba. Tena Cucu alikuwa na ushahidi. Siku moja akifua, mto ulimnyang'anya beseni. Hakusimama kulia. Alikimbia kandokando ya mto hadi kwenye kona, akalikuta limenasa kwenye matete likimngoja. "Maji yakichukua kitu," alikuwa akisema, "unayafuata. Mwanamume mwenye miguu miwili angeyafuata." Lakini lililomkera zaidi ni lile la kungoja. Maji yarudishe kitu! Nani amewahi kuona maji yakipanda mlima? Maji yakimwagika hayazoleki, hata mtoto mchanga anajua. Kwa hiyo Cucu alijua kilichotokea, na wala hakuhitaji kuambiwa: kule Mombasa kulikuwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alikuwa anatembea na raba zake nyeupe.

Walikaa pamoja, wakazaa watoto saba, wakazeeka. Guka hakubadilisha kisa chake hata neno moja. Kila Cucu aliposema "wimbi", yeye alitabasamu, akachukua kofia, akaenda kuwaangalia ng'ombe. Akafa hivyo, mimi nikiwa bado sijaanza shule, akazikwa nyuma ya migomba. Neno likabaki.

Sasa fikirini siku ile Mwalimu Nyaga, aliyetufundisha Kiswahili, aliposimama mbele ya darasa na kuandika ubaoni kwa herufi kubwa: WIMBI. Nikashika mdomo. Nilidhani ameandika tusi la nyumbani kwetu.

"Wimbi," akasoma, "ni mwinuko wa maji baharini unaosukumwa na upepo."

"Mwalimu, si wimbi ni ile ya uji?" akauliza mvulana wa nyuma.

"Hiyo ni nyingine. Hii ni ya maji. Nani anaweza kuitumia kwenye sentensi?"

Mkono wangu ukaruka juu wenyewe. "Baba yangu alituletea wimbi kutoka mnadani."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Nyaga akaniuliza nina maana gani, nami nikamweleza kwamba wimbi ni uongo, kila mtu anajua, hata Cucu husema. Hakunicheka. Alivuta pumzi, akasema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake habari nzito, "Wawira, wimbi ni kitu cha kweli kabisa. Liko Mombasa."

Jamani! Kama wimbi ni kitu cha kweli, basi huenda Guka hakusema uongo. Na kama hakusema uongo, basi hakukuwa na mwanamke, na Cucu alikuwa amekasirika maisha yake yote bure. Sikuweza kukaa. Tulipoambiwa tuchore wimbi, nilichora nikiwa nimesimama.

Nilichora nilichokijua. Mwinuko ni mwinuko. Kwetu dunia yote ni ridge na bonde, ridge na bonde, kutoka msituni hadi kule chini Mbeere kwenye joto. Nikachora ridge za maji, bluu, zimejipanga zimetulia, na njia ya miguu ikipita katikati. Halafu, kwa kuwa baba alikuwa ametufundisha kwamba mwinuko wowote usiopandwa kitu unabebwa na mvua, nikapanda majani ya nepia juu ya kila wimbi, mistari miwili, udongo usichukuliwe. Mwalimu Nyaga akatazama, akatia alama ya vema. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata yeye hakuwa ameiona bahari.

Nilikimbia nyumbani na mchoro wangu. Macho ya Cucu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo aliisogeza karatasi hadi ikagusa pua. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo lilivyo?"

"Ndiyo, Cucu. Mwalimu amesema ni mwinuko wa maji. Ni kitu cha kweli!"

"Na mtu anaangushwaje na mwinuko?" akauliza. "Mwinuko hupandwa. Ukichoka, unapumzika." Akanirudishia karatasi yangu. "Guka wako alikuwa na kichwa kizuri cha kutunga, hilo simnyimi."

Nilitaka kulia. Lakini niliona kwamba safari hii hakusema, kama kawaida yake, kwamba hajali. Usiku huo hakula vizuri, na asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni akitazama upande wa migomba.

Mwaka huohuo shule ikatangaza ziara ya Mombasa. Baba alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Mama akasema Mombasa ni mbali na viatu vyangu vya shule ni vipya. Ndipo Cucu akatoka nje, akarudi akimvuta beberu wake kwa kamba, yule mweusi aliyempenda kuliko wajukuu wengine, akamkabidhi Baba. "Mpeleke mnadani. Mtoto aende."

"Mama, ziara tu?" Baba akashangaa.

"Si ziara. Ninamtuma kazi."

Jioni aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Alinishika mikono yote miwili. "Wawira, wewe una macho mazuri na mdomo mwepesi. Nenda uone kama maji yanaweza kumwangusha mtu. Uone kama yanachukua vitu. Na kama yanachukua, uone yanapeleka wapi. Usiniletee maneno ya mwalimu. Niletee ulichoona wewe."

"Na nikiona kwamba Guka alidanganya?"

"Utaniambia. Mimi ni mtu mzima."

Safari yenyewe sikumbuki sana. Nakumbuka joto, na vichwa vikigongana kwa usingizi, na mandazi yaliyokauka. Lakini nakumbuka niliisikia bahari kabla ya kuiona. Tulikuwa tumeshuka, tunapita kwenye kijia cha mchanga, nikasikia sauti kama upepo mkubwa kwenye miti ya mikaratusi nyumbani, lakini miti iliyokuwapo haikutikisika. Harufu ikatujia, ya chumvi na ya kitu kilichooza vizuri. Kisha kijia kikaisha.

Vilima vilikuwa vinatembea! Nilipiga kelele kwa Kiembu, "Vinatembea! Vinatembea!" na darasa zima likapiga kelele nami. Hakuna aliyekuwa ametuambia hilo. Mwalimu aliandika mwinuko, akaandika upepo, lakini hakuna aliyesema kwamba mwinuko unakuja, unakujia wewe, unainuka, unafika, unavunjika miguuni pako na kuwa povu, na nyuma yake kuna mwingine, na nyuma yake mwingine, na hauchoki. Niliikumbuka nepia yangu nikaona aibu na kucheka kwa pamoja. Mwalimu Nyaga alikuwa amesimama kando yetu, mdomo wazi, suruali ameikunja mguu mmoja na mwingine ameusahau.

"Kaeni laini mbili!" akajikumbuka. "Kila mtu avue viatu! Hakuna kupita magoti, mmenisikia? Magoti tu!"

Wenzangu waliacha viatu juu kwenye mchanga mkavu. Mimi nilivua vyangu, vile vipya vyeusi ambavyo Mama alininunulia vikubwa ili vinitoshe madarasa mawili, nikavishika, kimoja mkono huu na kingine mkono huu. Nilikuwa nimetumwa kazi. Guka aliingia na viatu mkononi, basi nami niliingia na viatu mkononi.

Wimbi la kwanza lilinifikia magotini, likanisukuma kama ndama anayecheza. Nikasema moyoni, Cucu alikuwa na haki, hili haliwezi kumwangusha mtu mzima. Lilipokuwa linarudi nyuma nikahisi mchanga ukiondoka chini ya nyayo zangu, kama mtu anayekuvutia mkeka. Nilikuwa bado natazama miguu yangu kwa mshangao, na sikuliona la pili. Lilinipiga kifuani. Nilikwenda chini, nikameza chumvi, nikaona kijani, nikaona giza, sikujua juu ni wapi. Nilipoinuka nikikohoa, puani moto, mikono yangu ilikuwa wazi. Viatu havikuwapo.

"Limeniangusha!" nikapiga mayowe. "Limeniangusha! Limechukua viatu!" Wenzangu walidhani nalia. Nilikuwa nacheka, jamani, nilikuwa naruka, kwa maana Guka hakudanganya! Maji yanaangusha! Maji yanachukua!

Halafu nikamkumbuka Mama na viatu vya madarasa mawili, furaha ikanitoka yote.

Nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa Rupingazi angefanya. Nikaanza kukimbia. Nilikimbia kandokando ya maji, nikitafuta ilipo kona, nikitafuta matete ambayo viatu vyangu vitakuwa vimenasa. Nilikimbia nikampita mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga chini ya mwavuli, naye akaniita.

"We mwana! Wakimbilia wapi?"

"Nafuata viatu vyangu. Maji yamevichukua."

"Sasa mbona waenda huko?"

"Si huku ndiko chini?"

Akanitazama, akautazama ufuo, kisha akacheka, lakini kwa upole. "Bahari haina chini wala juu, mwanangu. Rudi papo hapo ulipovipotezea. Simama, ungoje."

"Ningoje nini?"

"Uvingoje. Yamechukua, yatarudisha. Yakipenda."

Kungoja! Nilirudi mbio, nikasimama mahali palepale, maji vifundoni, macho yamenitoka. Wimbi likaja, likarudi. Likaja, likarudi na mwani. Likaja na kifuu cha nazi. Nilikuwa nasema nalo kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Jua likapanda, wenzangu wakaitwa kula, sikwenda. Kisha kwa mbali, kwenye tumbo la wimbi moja lisilo kubwa hata kidogo, nikaona kitu cheusi kinabingirika. Kikaja, kikarudi, kikaja tena. Kikatua kwenye mchanga mbele yangu, kinywa wazi, kimejaa mchanga. Kiatu changu cha kushoto.

Nilikikumbatia. Nikasimama kukingoja kile cha pili. Mwalimu Nyaga akaja akisema wakati umekwisha, tunaondoka, nami nikamwambia, "Bado kimoja, Mwalimu, kinakuja!" Akaniita mara mbili. Mwishowe akanishika mkono akanivuta, na njia nzima nilitembea nikitazama nyuma.

Tulifika nyumbani kesho yake mchana. Mama alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Aliniangalia uso kwa furaha, akaniangalia miguu, furaha ikaisha. "Wawira. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Wimbi lilichukua."

Neno hilo, kwenye ua ule! Mama aliiacha nguo ianguke, akaenda moja kwa moja kuvunja kijiti kwenye ua wa miiba wa kei-apple. Lakini Cucu alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni, ameshika kizingiti.

"Mama Wawira, mwache kwanza. Wewe, njoo hapa."

Nilikwenda nikampa kiatu mkononi, kwa sababu niliona macho yake hayatamfaa. Alikipapasa. Kilikuwa kimekauka kikawa kigumu kama gome, na chumvi imechora mistari myeupe juu ya ngozi. Akakinusa. Akagusa ile chumvi kwa kidole, akaionja.

"Linaangusha mtu?"

"Linaangusha, Cucu. Linatoa ardhi chini ya miguu kwanza, halafu linakupiga."

"Na viatu linachukua."

"Vyote viwili vilichukuliwa."

Vidole vyake vilikuwa vinakwenda na kurudi juu ya kiatu. "Wewe una kimoja," akasema. "Ulikifuata? Ulikikuta wapi?"

"Sikukifuata, Cucu. Hakuna pa kufuata. Bahari haiendi popote, inakuja tu na kurudi. Nilisimama palepale, maji yakakirudisha yenyewe."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kijiti chake, lakini hakukiinua. Cucu alikaa chini, si kwenye kigoda, alikaa tu pale kizingitini.

"Yenyewe," akasema.

"Yenyewe."

"Na kile kingine?"

"Kilikuwa kinakuja. Mwalimu ndiye aliyenivuta."

"Na kama hangekuvuta?"

Sikuelewa kwa nini ananiuliza jambo la wazi hivyo. "Ningengoja tu, Cucu."

Alifunika uso wake kwa mikono, kiatu changu bado kimo ndani ya mikono hiyo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Niliogopa. Mama akatupa kijiti, akapiga magoti kando yake. Lakini Cucu alipoinua uso alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na alikuwa mzuri, sijawahi kumwona mzuri vile. Akainuka, akamsukuma Mama kando kwa heshima, akazunguka nyumba kuelekea kwenye migomba, akipapasa njia kwa mkono mmoja.

Tulimsikia akizungumza kule. Hatukusikia maneno. Mara alipandisha sauti kama anayegomba, mara akacheka, kicheko cha msichana, ambacho Baba mwenyewe aliporudi alisema hakuwahi kukisikia tangu azaliwe. Mama akapika chai, chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Kigizagiza kilipoanza kuingia, akanituma nikamwite.

Nilimkuta amekaa chini kwenye majani makavu ya migomba, ameegemea kaburi kama mtu anavyoegemea bega. Nikamwambia chai iko tayari, na baridi inaingia, na Baba amefika.

"Nenda uwaambie wanywe," akasema bila kugeuka. "Mimi nitakaa naye kidogo. Yeye alingoja siku nzima."